Figo Mbovu, Mfuko Mtupu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga Kuhusu Chakula Wakati wa Janga

Majibu haya ni ya wagonjwa wa figo wa Tanga na wale wanaowapikia: mama, mke, binti, shangazi, wakati mwingine jirani. Maswali yenyewe yalizagaa kipindi cha korona, na hurudi kila bei zinapopaa au maradhi mapya yanapotangazwa. Daktari wako anakujua wewe na vipimo vyako, kwa hiyo neno lake liko juu ya haya. Sisi tumejaribu tu kupanga mambo kwa uzito. Mwenye pesa anaweza kufuata masharti yote kwa mkupuo. Asiye nazo lazima ajue lipi la kwanza.

Ugonjwa sugu wa figo ni upi hasa?

Ni figo kupungua uwezo wa kuchuja, au kuonyesha dalili za kuumia kama protini kwenye mkojo, kwa zaidi ya miezi mitatu. Huhesabiwa kwa hatua 5. Hatua ya 5 ni pale uwezo wa kuchuja unaposhuka chini ya mililita 15 kwa dakika, na hapo ndipo wengi huanza kusafishwa damu kwa mashine. Vyanzo vikubwa ni kisukari na shinikizo la damu. Wengi hawajijui: utafiti uliofanyika nyumba kwa nyumba mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa 2015 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wanao, na mjini walikuwa wengi kuliko vijijini.

Njaa inamuuma kila mtu. Kwa nini mgonjwa wa figo aonekane wa pekee?

Kwa sababu chakula cha kubanana ndicho kinachomgeuka. Mfuko ukiwa mwepesi, nyumba nyingi za hapa huhamia kwenye maharage, dagaa, mihogo, viazi vitamu, mchicha, ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi). Kwa mtu mwenye figo nzima ni chakula cha afya. Kwa mwenye figo zilizochoka sana, mchanganyiko huohuo unaweza kuleta potasiamu, fosforasi na chumvi ambazo mwili wake hauwezi tena kuzitoa. Jirani akikosa nyama atakonda. Yeye akikosa nyama na kujaza nafasi kwa ng'onda, atavimba miguu.

Halafu mgonjwa huyu alikuwa ameshafilisika kabla ya janga. Nauli, vipimo, dawa za presha na damu ya kuongezewa vimekwisha kula akiba. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2017 ulionyesha kwamba watu wenye ugonjwa wa figo wanaoishi bila uhakika wa chakula walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufikia figo kufeli kabisa kuliko wenzao wenye uhakika. Na hiyo ni nchi tajiri, katika miaka isiyo na janga.

Wala upungufu wa chakula si lazima sufuria ilale tupu. Kula ugali na mchuzi wa ng'onda wiki nzima kwa sababu ndicho kinachopatikana, huku umeambiwa usile chumvi, nao ni upungufu.

Tanzania hatukufungiwa ndani mwaka 2020. Sasa njaa ilitoka wapi?

Watu wa Dar huuliza hivi. Waliokuwa Ngamiani na Makorora, hapa Tanga, hawaulizi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikaagizwa kufungwa. Mama aliyekuwa akiuza kachori, viazi karai na mihogo ya kukaanga mlangoni pa shule alikatikiwa siku hiyohiyo, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi mwisho wa Juni. Mwezi Mei, Kenya ikafunga mpaka wake na sisi kwa abiria, ikaruhusu malori ya mizigo tu, tena madereva wapimwe. Aliyekuwa akivuka mpaka wa Horohoro na vifurushi vyake vya mkononi kwenda kuuza upande wa pili akabaki na mzigo. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili, na sukari ikawa haishikiki hata Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi. Ndimu na tangawizi, ambazo zamani ulikuwa unaongezewa bure gengeni, zikawa bidhaa za thamani.

Nchi haikufungwa, lakini mzunguko wa pesa ndogondogo ulikatika. Duniani hali ilikuwa hiyohiyo kwa kipimo kikubwa: mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kuwa watu kati ya milioni 720 na 811 walikumbwa na njaa mwaka 2020.

Nitajuaje kwamba kwetu pamefika pabaya? Mbona tunakula kila siku.

Jiulize mambo mawili kuhusu miezi 12 iliyopita. Je, kuna wakati mlikuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla ya kupata pesa nyingine? Na je, kuna wakati kiliisha kweli na hamkuwa na cha kununulia? Jibu likiwa "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo, mwambie muuguzi au mtaalamu wa lishe, hata kama hajakuuliza.

Tunajua kusema hivyo si rahisi. Mtu wa pwani anaweza kulala na njaa akaamka amevaa vizuri, akaulizwa "umekula?" akajibu "Alhamdulillahi". Lakini daktari asiyejua kuwa huna chakula atakuandikia dawa za mtu mwenye chakula. Tutaliona hilo kwenye swali la kisukari hapo chini.

Nimepewa orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Nikivitoa vyote, hakuna kinachobaki. Nile nini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu letu ni moja: usife njaa kwa kuogopa orodha. Mgonjwa wa figo aliyekonda na kuishiwa misuli yuko kwenye hatari kubwa, pengine kuliko aliyekula maharage.

Orodha nyingi huandikwa kama vile masharti yote yana uzito sawa. Hayana. Yapange hivi.

Kwanza, shiba. Mwili unahitaji takriban kilokalori 25 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya 1500 na 2100. Ukikosa, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe, na misuli ikivunjika huachia potasiamu na uchafu uleule uliokuwa unaukimbia. Mafuta ya kupikia hayana potasiamu wala fosforasi, na yananunulika kwa kupimiwa. Vijiko viwili vya ziada kwenye wali vinaongeza nguvu bila kuisumbua figo.

Pili, chumvi. Isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyote: ya kwenye ugali wa jana uliokaangwa, ya mkate, ya mchuzi. Hili ni sharti la wagonjwa karibu wote, na ndilo pekee ambalo kulifuata kunapunguza gharama. Angalia chumvi zilizojificha: ng'onda na papa mkavu, vidonge vya supu, viungo vya pakiti, na magadi tunayotia kwenye maharage na kisamvu ili viive haraka. Magadi yana sodiamu nyingi. Mpikie mgonjwa bila magadi, hata kama itachukua muda.

Tatu, potasiamu, lakini kwa yule tu ambaye kipimo chake kimepanda au anayesafishwa damu. Hapa ndipo watu huonewa. Mtu wa hatua ya 3 mwenye potasiamu ya kawaida anakatazwa matunda yote kwa sababu tu mwenzake wa hatua ya 5 amekatazwa. Uliza: "Potasiamu yangu ni ngapi?" Ikiwa iko sawa, papai na chungwa kwa kiasi si adui zako. Ikiwa imezidi 5.5, hapo ndipo sharti hili linapanda juu na kuwa la kwanza, maana potasiamu inaweza kusimamisha moyo bila kukupigia hodi.

Nne, fosforasi. Ina madhara ya muda mrefu kwa mifupa na mishipa, lakini haitakuua wiki hii. Mwenye pesa ashughulike nayo. Wewe anza kwa kuacha soda nyeusi, basi.

Protini ina kisa chake. Asiyesafishwa damu hushauriwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 48 kwa mtu wa kilo 60. Anayesafishwa anahitaji zaidi, kati ya gramu 1.0 na 1.2, kwa sababu mashine nayo huondoka na sehemu yake. Sasa angalia: yai moja lina gramu 6, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiberiti kama 7. Kaya nyingi za kipato kidogo hazifiki huko kwenye 48. Kumwambia mtu huyo "punguza nyama" ni kumkataza asichokuwa nacho.

Sembe au dona?

Kila mahali tunahimizwa dona, na kwa wengi ni sahihi. Kwa mgonjwa wa figo wa hatua za mwisho, sembe na wali mweupe vina potasiamu na fosforasi pungufu. Kama duka lina dona peke yake, kula dona.

Maharage na dagaa ndivyo tunavyoviweza. Tuache?

Maharage usiyaache. Fosforasi ya kwenye mimea hufyonzwa kidogo kuliko ile ya nyama au vyakula vya viwandani. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe, mwaga maji ya kwanza, endelea na mapya. Nusu kikombe kilichoiva kinatosha kwa mlo.

Dagaa wana protini nzuri, tatizo tunawala na mifupa yao, na huko ndiko fosforasi ilikojaa. Waliokaushwa kwa chumvi ndio wabaya zaidi. Chagua wasiotiwa chumvi, waoshe kwa maji ya moto mara mbili, na wawe wa siku chache kwa wiki. Ukiweza kuteremka Dipsii asubuhi na kununua samaki wabichi wadogo wa fungu, hao ni bora kuliko ng'onda, na mara nyingi tofauti ya bei si kubwa kama inavyodhaniwa. Yai linabaki kuwa mfalme: protini safi, potasiamu kidogo mno, na linanunulika moja moja.

Viazi, mihogo na mchicha: ni kweli kuchemsha kunatoa potasiamu?

Ni kweli, na ndiyo mbinu yenye faida kubwa kuliko zote. Menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi kama dakika 10, mwaga, tia maji mapya, malizia. Viazi vilivyopikwa hivyo vinaweza kupoteza nusu ya potasiamu au zaidi. Kuloweka peke yake kwenye maji baridi hakusaidii sana, ingawa wengi tumefundishwa hivyo. Mboga za majani zikatekate, zichemshe, zikamue, kisha ndipo uunge kwa kitunguu na mafuta. Maji hayo mwaga. Usimpe mgonjwa kama supu.

Sasa mkaa. Anayeshauri kuchemsha mara mbili mara chache huwa ndiye anayenunua kopo la mkaa. Kata vipande vidogo zaidi ili muda upungue, funika sufuria, na chemshia watu wote maji ya kwanza kwa pamoja badala ya kumpikia mgonjwa peke yake. Nyumba nzima haitadhurika kwa kula mchicha uliokamuliwa. Kabichi ya Lushoto ina potasiamu ndogo tangu mwanzo, kwa hiyo haina haja ya kusumbuliwa namna hiyo.

Mihogo ya kuchoma na ndizi mzuzu za kukaanga hazijapita kwenye maji. Kwa mwenye potasiamu ya juu, hizo ziwe za kuonja.

Na tui la nazi? Mtanga bila nazi ataishi vipi?

Ataishi kwa tui jepesi. Tia la pili, acha zito kwa wageni.

Madafu je? Yanasafisha figo, wazee wanasema.

Kwa mtu mwenye figo nzima, dafu ni kinywaji kizuri. Kwa aliye hatua za mwisho ni hatari, na tunalisema bila kupaka rangi. Mililita 100 za maji ya dafu zina takriban miligramu 250 za potasiamu, kwa hiyo dafu moja kubwa linaweza kukupa 1000 kwa mkupuo mmoja. Wakati wa korona wagonjwa walipelekewa madafu kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo magumu kuyakataa. Mwambie aliyeleta: "Ahsante, watoto watakunywa."

Matunda hayafanani. Katika gramu 100, ndizi mbivu ina kama miligramu 360, parachichi linakaribia 500, na tende zinapita 600. Chungwa na papai ziko karibu na 180, nanasi na tikiti kama 110. Kwa hiyo msimu wa machungwa ya Muheza usikupite kabisa: nusu chungwa ni kitu kimoja, bilauri ya juisi iliyokamuliwa kwa machungwa manne ni kitu kingine.

Korona ilipokuja tulikunywa ndimu, tangawizi, vitunguu saumu, na birimbi. Kuna ubaya?

Tangawizi kidogo kwenye chai haina neno. Kabari ya ndimu kwenye mchuzi inasaidia hata kupunguza hamu ya chumvi. Ubaya uko kwenye majagi. Anayesafishwa damu hupimiwa maji, na lita mbili za dawa ya moto ni lita mbili za maji zitakazoishia miguuni na kwenye mapafu.

Birimbi linahitaji onyo lake, kwa kuwa miti iko kwenye nyua zetu na watu huliona ni kiungo tu. Achari ya vipande viwili vitatu kwa mtu mwenye figo nzima haina tatizo. Lakini juisi nzito ya birimbi ina oksaleti nyingi mno, kemikali inayoweza kuganda ndani ya figo. Kule Kerala, India, madaktari waliandika mwaka 2013 kuhusu watu ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi hiyo. Tunda la nyota, ndugu yake birimbi, lina sumu ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa. Mgonjwa huanza kwa kwikwi zisizoisha, kisha kuchanganyikiwa, kisha degedege. Yote mawili yaepuke.

Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1000, vilivyoliwa kama pipi mwaka ule, navyo hugeuka oksaleti mwilini. Usivinywe kila siku bila ushauri. Mitishamba isiyojulikana majina, hasa ile ya kuchanganya mizizi mingi, iache kabisa. Na ukiumwa kichwa au homa, diklofenaki na ibuprofeni ni maadui wa figo, omba parasetamoli.

Nina pesa ya jambo moja tu: nauli ya kwenda kusafishwa damu, dawa, au unga. Lipi kwanza?

Kama unasafishwa damu, nauli. Ratiba ya kawaida duniani ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Wengi wetu huenda mara mbili kwa sababu ya gharama, kwa hiyo hakuna pa kupunguza tena. Unga unaweza kukopwa kwa Mpemba wa duka au kuombwa kwa jirani. Mashine haikopwi.

Kama bado hujafika kwenye mashine, chakula na dawa ya presha vinakwenda pamoja. Usikate vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi bila kusema. Mwambie mfamasia una kiasi gani. Mara nyingi ipo dawa ya aina hiyohiyo ya bei ndogo.

Na kabla hujachagua, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali unakotibiwa. Hospitali za rufaa za mikoa, Bombo ikiwemo, zina maofisa hao, na kazi yao mojawapo ni kumpima asiye na uwezo ili apate msamaha wa matibabu au wa sehemu ya gharama. Nenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Itakuchukua siku, na pengine utaambiwa rudi kesho, lakini rudi.

Nina kisukari pia. Siku isiyo na chakula, nichome sindano au nisichome?

Swali hili linahusu uhai. Figo ndizo huondoa sehemu kubwa ya insulini ya sindano mwilini. Zikichoka, insulini hukaa muda mrefu zaidi, na kidonge cha glibenklamidi nacho hulimbikizana. Dozi iliyokuwa sawa mwaka jana, leo ukiimeza bila kula, inaweza kukuangusha usingizini.

Usimeze glibenklamidi kama hujui utakula saa ngapi. Insulini ya mchanganyiko usichome dozi kamili bila chakula mbele yako. Piga simu kliniki uambiwe kiasi. Wale waliotegemea insulini tangu utotoni wasiiache kabisa hata siku moja, bali dozi irekebishwe. Ukitapika au kuharisha, uliza pia kuhusu metformini na dawa za presha na za kukojoza, kwani baadhi husimamishwa kwa muda.

Ukianza kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, au kuropoka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, pumzika dakika 15, pima tena kama una kipimo. Mwenye potasiamu ya juu atumie sukari, asitumie juisi ya machungwa. Hata sukari ikiadimika madukani, fungu la robo lihifadhiwe kwa ajili hii, na watoto waambiwe lile haliguswi.

Ramadhani inakaribia na chakula chenyewe hakuna. Si bora nifunge tu?

Kufunga kwa sababu hakuna chakula na kufunga kwa ibada ni mambo mawili, na mwili wa mgonjwa unaumizwa na yote mawili. Kuanzia hatua ya 3 hatari huongezeka, na aliye hatua za mwisho, anayesafishwa damu au mwenye kisukari kisichotulia yuko kwenye kundi la kutofunga. Kiu ya mchana kutwa kwenye joto la Tanga hukausha figo zilizobaki. Kisha futari hufika na tende, mihogo ya nazi, viazi vitamu, maharage na juisi, vyote kwa saa moja. Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hulisha maskini badala ya kulipa siku. Akiwa maskini yeye mwenyewe, amuulize shehe wake. Hatutaki kuingia kwenye fatwa.

Mchele wa fitri unaoletwa mwisho wa mwezi ni chakula kizuri kwa mgonjwa. Kama una sauti msikitini, omba wakati wa ugawaji nyumba zenye mgonjwa wa figo zipewe mchele badala ya tende.

Tumeletewa kapu la msaada: unga, maharage, mafuta, sukari, chumvi, tambi, pakiti za mchuzi. Vipi?

Unga, mafuta, tambi na sukari (kama huna kisukari) ni vyako. Maharage, kwa utaratibu wa kumwaga maji. Chumvi na pakiti za mchuzi badilishana na jirani kwa mayai au kabichi. Hakuna aibu kubadilishana.

Kwa wanaotoa: kapu moja kwa wote ni rahisi kupanga, tunaelewa. Lakini trei ya mayai na kilo kadhaa za mchele kwa nyumba yenye mgonjwa zina thamani kuliko katoni ya dagaa. Na ukiona "chumvi ya afya" yenye sodiamu pungufu, soma kibandiko: nyingi zimewekewa kloridi ya potasiamu, nayo ni sumu kwa mgonjwa huyu.

Kwetu tunakula sinia moja. Mgonjwa atengewe? Ataona tumemnyanyapaa.

Pikeni chungu kimoja bila chumvi, na waliosalimika watie chumvi yao mezani. Hapo hakuna aliyetengwa, sinia limebaki lilelile, na presha ya baba nayo itashuka. Maradhi ya kuambukiza yakiwa yamezagaa, basi kila mtu awe na sahani yake, mgonjwa na mzima, ili asionekane yeye peke yake. Mpakulie yeye kwanza. Mgonjwa wa figo hana hamu ya kula, na kwenye sinia huchelewa. Akishika tonge la tatu, vijana wamemaliza samaki.

Nikikosa kwenda kusafishwa damu kwa sababu ya usafiri au kituo kufungwa, nile nini?

Kuna utaratibu wa dharura wa kama siku tatu, wakati unatafuta kituo kingine. Vinywaji vyote pamoja, uji na mchuzi vikihesabiwa, visizidi takriban nusu lita kwa siku. Kama bado unakojoa vizuri, daktari anaweza kukuongezea. Hakuna madafu, ndizi, parachichi, tende, viazi, nyanya ya kopo, wala maharage siku hizo. Kula wali mweupe, sembe au mkate mweupe, mafuta, yai moja au kipande kidogo cha samaki, kabichi iliyochemshwa, kipande cha nanasi. Chumvi sifuri. Kiu ikizidi, sukutua au nyonya kipande cha barafu.

Utaratibu huu hauchukui nafasi ya mashine. Unanunua muda tu.

TASAF, mfuko wa Serikali wa maendeleo ya jamii, inasaidia wagonjwa wa figo?

Mpango wake wa kunusuru kaya maskini hutambua kaya kwa umaskini wake, ugonjwa peke yake hautoshi. Lakini kaya iliyofilisiwa na matibabu ni kaya maskini. Jitokezeni kwenye mkutano wa mtaa wakati wa utambuzi, na aende mtu anayeweza kusema.

Dalili zipi zinitoe nyumbani hata usiku?

Miguu kuishiwa nguvu ghafla au moyo kurukaruka, hasa baada ya kukosa mashine au kunywa dafu. Kushindwa kupumua ukilala chali. Kwikwi zisizokatika pamoja na kuchanganyikiwa. Mkojo kukatika. Sukari kushuka na mtu haamki akiitwa; huyo msimtie chochote mdomoni, mlazeni ubavu. Kwa ushauri wa kawaida, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Kwa dalili hizi usipige, itisha bajaji, na chukua daftari la kliniki pamoja na dawa zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za mitishamba, ili atakayekupokea ajue ulichokunywa.